MASTAA WA ARACHUGA, ACHENI KUMWAMBIA RUBANI "ILAZE KIDOGO"!

Wanajijua, majina kapuni. Wale wa kukodi kandege ka injini moja pale Kisongo siku ya bethidei, Mlima Meru nyuma, simu mkononi. Wakishapaa tu: "Kaka, shuka chini tupite juu ya nyumba yetu, halafu ilaze upande nipate klipu kali." Klipu ikipanda, mashabiki wanamwaga makopakopa. Hakuna anayeuliza pale bawa lilikuwa limebeba nini.

Wadau, hii siyo roho ya kwa nini, ni hesabu. Ndege ikilala nyuzi 60 huku rubani akiivuta isishuke, mabawa yanabeba uzito mara mbili. Na ile kasi ya chini kabisa inayoishikilia hewani inapanda kwa asilimia 41. Yaani ndege ambayo ikienda wima inaanza kudondoka chini ya kilomita 100 kwa saa, kwenye kona hiyo inadondoka hata ikiwa na 140! Injini nzima, mafuta yapo, na bado mnaenda chini.

Ikitokea juu sana, rubani anashusha pua, kasi inarudi, maisha yanaendelea. Ikitokea juu ya migomba ya watu, nafasi ya kushusha pua haipo.

Na Chuga siyo Dar. Kisongo ni karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na jua la mchana linaizidisha wepesi. Mshale unaonyesha kasi ileile, lakini ndege inakimbia zaidi, kwa hiyo kona inakuwa pana kuliko rubani alivyozoea pwani. Ongeza Meru yenyewe, mita 4,562: upepo ukiuvuka unashuka upande wa pili kwa fujo.

Mnadhani ni stori za kutisha watoto? Septemba 2023 huko Sinaloa, Mexico, kwenye sherehe ya kutangaza jinsia ya mtoto, ndege ilipita chini ikamwaga rangi ya pinki. Rubani akaivuta juu, bawa likakatika. Alikufa. Klipu ilitrendi dunia nzima, kama mnavyotaka.

Hapa kwetu, Michael Grzimek, aliyehesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege, alikufa Januari 10, 1959 baada ya kugongana na tumbusi angani. Alikuwa na miaka 24 tu. Na yeye alikuwa kazini, siyo kutafuta kiki.

Marubani nao wajitafakari. Staa akikutagi, familia ya abiria mwingine haimjui wala haijali. Kusema "hapana, dada" ndiyo kazi uliyosomea.

Mkitaka picha ya Meru, mlima hauhami. Pigeni mkiwa juu, ndege imenyooka.

Wadau mnasemaje, kiki inalingana na roho za watu?