Mgonjwa anayeweweseka apimwe kwanza

Kwa Waziri wa Afya, Kaunti ya Mombasa

Mheshimiwa,

Nakuandikia kutoka Utange, Kisauni, kuhusu wagonjwa wanaochanganyikiwa ghafla, hasa wazee wetu. Asubuhi mzee anauza nazi na chenji anarudisha sawasawa. Usiku homa imempanda, anamwita mwanawe kwa jina la marehemu nduguye, anavutavuta nyuzi za shuka, anataka arudishwe kwao naye yuko kwao. Mtaani watasema ana jini. Kituoni wapo watakaosema ni uzee, au watakaomwandikia rufaa ya wodi ya wagonjwa wa akili.

Kuweweseka kwa namna hiyo ni dalili kwamba mwili umezidiwa, na chanzo mara nyingi hupimika papo hapo: malaria iliyopanda kichwani, sukari iliyoshuka, nimonia, mkojo uliofunga, upungufu wa maji. Dawa nazo zimo. Piriton tunayomeza kwa mafua yaweza kumvuruga mzee. Na mnywaji wa kila siku akilazwa, pombe ikakatika ghafla, aweza kuweweseka na hata kufa.

Anayenitia uchungu zaidi ni yule asiyepiga kelele. Amelala tu, anajibu neno moja, chakula hagusi. Anaonekana mtulivu, kumbe maradhi ni yale yale, na huyu ndiye anayechelewa kugunduliwa.

Kipo kipimo cha kuchanganyikiwa huku kiitwacho 4AT, kilichobuniwa Edinburgh; ni cha bure na hakichukui zaidi ya dakika chache. Humtaka mgonjwa ataje miezi kinyumenyume. Bibi wa Kigiriama asiyekwenda shule atashindwa hata akiwa mzima, kwa hiyo aulizwe siku za juma, tena kwa lugha yake. Kisha aulizwe aliyemleta: amebadilika tangu lini? Jibu la jamaa lisipuuzwe.

Mwaka 2023 serikali ilianza kuwagawia wahudumu wa afya ya jamii mikoba yenye mashine ya kupima sukari. Mashine bila stripu haina kazi, kwa hiyo stripu zisikatike. Wafundishwe pia dalili hizi, maana wao ndio wanaobisha hodi nyumbani mwetu.

Mheshimiwa, toa waraka kwa vituo vyote vya Kisauni: aliyechanganyikiwa ghafla asipelekwe wodi ya akili kabla ya kupimwa sukari, malaria, oksijeni na mkojo, na dawa anazomeza kukaguliwa. Na jamaa yake aruhusiwe kukaa naye usiku.

Mkazi wa Utange