Mwacheni Binti Aishike Bendera

Jumatatu na Ijumaa asubuhi, skuli za Malindi na Kilifi hupandisha bendera. Skauti hutoka kwa hatua. Mmoja hufunga kamba, mwenziwe huikunjua, na skuli nzima hutulia kimya. Kazi yenyewe ni fupi, lakini adabu yake ni nyingi: bendera haigusi ardhi wala haipandi kichwa chini.

Basi nashangaa nikiwasikia wazazi wenzangu wakisema kuwa gwaride si la mtoto wa Kiislamu, hasa binti, eti ni mambo ya kigeni. Kigeni kwa nani, ndugu msomaji? Uingiapo Mfungo Sita, watoto wa vyuoni hutoka kwenye zefe la Maulidi na bendera mikononi, matwari yakilia, mwalimu akizipanga safu. Na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, vijana wa Lamu na Mombasa walikwisha kuwa na ngoma za Beni. Wakivaa sare, wakipeana vyeo, wakiandamana kama askari. Kutembea kwa safu hatukufundishwa jana.

Tena bendera kwetu ina habari yake. Mwambao huu ulikuwa chini ya bendera nyekundu ya Sultani wa Unguja, ingawa tangu 1895 mwendeshaji alikuwa Mwingereza, mpaka ulipounganishwa na Kenya mwaka 1963. Desemba 12 mwaka ule ikapandishwa hii yenye nyeusi ya watu, nyekundu ya damu iliyomwagwa, kijani ya ardhi na nyeupe ya amani. Mtoto aivutaye bila kuyajua haya, amevuta kamba tu. Wa kumweleza ni sisi wazazi.

Lakini walimu nao wana deni. Binti akiambiwa avue mtandio ndipo aingie safuni, mzazi ana haki ya kukataa. Sketi ndefu na mtandio wa rangi ya sare haviuzuii mkono kupiga saluti. Jambo hili lataka mazungumzo ya dakika kumi baina ya mzazi na mwalimu mkuu, si ugomvi.

Samaki hukunjwa angali mbichi. Binti aliyezoea kusimama wima mbele ya skuli nzima, kesho hatababaika mbele ya baraza la watu wazima. Tukimzuia leo, tusije tukalalamika kuwa mambo ya Mwambao yanasimamiwa na wengine.