Jackline ni Yakubu

Majuzi nilialikwa harusini Nyamasaria, kando ya barabara itokayo Kisumu kwenda Nairobi. Bibi arusi, Mjaluo aliyesilimu, jina lake Jackline. Mzee mmoja wa kwetu Mwambao akamkemea mbele za watu: "Jina hilo la kikafiri litupe!" Binti wa watu akainamisha kichwa.

Ndugu wasomaji, ukafiri wake uko wapi? Jacqueline, ambalo Kenya wengi huliandika Jackline, ni jina la Kifaransa, la kike la Jacques. Jacques latokana na Jacobus wa Kilatini, naye ndiye Yakubu, mwana wa Nabii Is-haka. Waliosoma chuoni watambue: Kiebrania hulihusisha na kisigino, ambacho kwa Kiarabu ni 'aqib. Lilivuma duniani kwa Jacqueline Kennedy, mke wa Rais wa Marekani, 1961 hadi 1963.

Mtume (s.a.w.) alimbadili jina binti wa Sayyidna Umar, aliyeitwa Asiya kwa maana ya muasi, akamwita Jamila. Ubaya wa maana ndio uliomfanya abadili. Basi jina la Nabii lina ubaya gani? Binti yetu na aingie nyumbani na jina lake.