Mtoto Njiti, Benki ya Maziwa na Udugu wa Kunyonya

Sifa njema zote zamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo.

Mwaka 2019 Hospitali ya Wazazi ya Pumwani, Nairobi, ilifungua benki ya kwanza ya maziwa ya mama nchini Kenya. Wazazi Waislamu nao wakajikuta mbele ya suala zito: je, mtoto wetu apewe maziwa ya mwanamke tusiyemjua?

Suala hili lina pande mbili. Wa kwanza ni uhai. Mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wiki 37, mara nyingi hana nguvu za kunyonya, hivyo hulishwa kwa mrija. Maziwa ya mamake ndiyo bora. Yakikosekana, Shirika la Afya Duniani lapendekeza kwa walio wadogo mno maziwa ya mama mwingine, yaliyopashwa moto kuua vijidudu, kwani ya kopo huzidisha hatari ya kuoza utumbo, maradhi yanayoua.

Wa pili ni nasaba. Aya ya 23 ya Sura An-Nisaa imeharamisha kuoana na mama na dada wa kunyonya. Kwa madhehebu ya Shafi, kunyonya mara tano kabla ya miaka miwili huthibitisha udugu huo, hata maziwa yakipita mrijani. Kwa sababu hiyo Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilizikataza benki hizi mwaka 1985. Sheikh Yusuf al-Qaradawi alizijuzisha, akisema kunyonya ni kwa titi, na shaka haithibitishi udugu.

Sisi twaona kwamba maziwa yenyewe si najisi wala haramu. Linalochelewa ni kutojua, na dawa ya kutojua ni kuandika. Basi, kwanza, mama asaidiwe kukamua mapema, usiku na mchana, na apunguziwe kazi za nyumbani. Pili, yakihitajika ya mwingine, wazazi waombe yatoke kwa mama mmoja anayejulikana, na jina lake na la wanawe lihifadhiwe pamoja na cheti cha kuzaliwa. Akijitolea mama mdogo, hospitali impime kwanza, na ukoo ukumbuke kuwa mabinamu hao sasa ni ndugu, hawaoani. Tatu, hospitali zetu ziweke daftari la wanaotoa na wanaopokea.

Ama mtoto aliye baina ya uhai na mauti, asiachwe aangamie tukingoja daftari. Dharura ina hukumu yake.

Wallahu a'lam.