Kifua cha Mama: Utafiti Uliochapishwa na Safari Yake Hadi Inyonga

Mtoto anayezaliwa kabla ya miezi kutimia, akiwa na uzito wa kilo moja na nusu, hupoteza joto haraka kuliko awezavyo kulitengeneza. Mafuta chini ya ngozi yake ni machache, ngozi yenyewe ni nyembamba, na nguvu ya kunyonya bado haijakomaa. Akizaliwa Ilunde au Kamsisi, katika Wilaya ya Mlele, hana budi kusafirishwa hadi Inyonga kupitia nchi ya misitu ya miombo. Na akihitaji huduma ya ngazi ya mkoa, kutoka Inyonga hadi Mpanda ni safari nyingine. Kabla ya swali la gari na swali la mashine, lipo swali lililo karibu zaidi: katika saa hii ya kwanza, mtoto huyu njiti awekwe wapi?

Jibu la swali hilo limekwisha kuchapishwa. Hata hivyo, kuchapishwa si kufika. Utafiti wa tiba haustahili kuhesabiwa kuwa umekamilika mpaka mkunga wa zahanati na mama aliyejifungua wawe wameusikia kwa lugha yao, na wawe wamepewa nafasi ya kuutekeleza.

Utafiti wenyewe

Mwezi Mei 2021, jarida la New England Journal of Medicine lilitoa matokeo ya utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika hospitali tano za nchi tano: Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Nchini India ilishiriki Hospitali ya Safdarjung ya Delhi. Nchini Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili. Watoto 3,211 waliozaliwa na uzito wa kuanzia gramu 1,000 hadi 1,799 waligawanywa kwa kura katika makundi mawili. Watoto wa kundi la kwanza waliwekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, mapema kadiri ilivyowezekana, na mama akapewa kitanda ndani ya wodi ileile ya uangalizi maalumu. Watoto wa kundi la pili walitunzwa mbali na mama mpaka hali zao zilipotulia, ndipo wakaanza kubebwa kifuani, kama miongozo ya wakati huo ilivyoelekeza.

Katika siku 28 za kwanza, walifariki watoto 12.0 kati ya kila 100 wa kundi la kwanza, na 15.7 kati ya kila 100 wa kundi la pili. Vifo vilipungua kwa robo. Kwa maneno mengine, kwa kila watoto 27 waliowekwa kifuani mapema, uhai wa mmoja uliokolewa. Tofauti hiyo ilipoonekana, kamati huru iliyofuatilia usalama wa washiriki ilishauri utafiti usimamishwe kabla ya muda uliopangwa, maana isingekuwa haki kuendelea kuwatenga watoto wengine na mama zao. Novemba 2022, Shirika la Afya Duniani lilibadili mwongozo wake: mtoto njiti aanze kubebwa kifuani mara tu anapozaliwa, bila kungoja atulie kwanza.

Neno hilo la kungoja ndilo kiini cha jambo. Njia ya kangaruu yenyewe si ngeni. Ilianza Bogotá, nchini Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, mahali ambapo mashine za kuwatunzia watoto njiti hazikutosha. Kwa miongo mingi ilionekana kuwa huduma ya mtoto aliyekwisha kupona nusu. Lakini watoto wengi wanaofariki hufariki katika siku za mwanzo, wakati wakingojewa watulie. Mlango uliwafungukia wale tu waliokuwa wamevuka hatari kubwa kuliko zote. Katika utafiti huu, kundi la kwanza lilianza kubebwa baada ya wastani wa saa 1.3 tangu kuzaliwa, na kundi la pili baada ya saa 53.6. Kati ya namba hizo mbili zimo siku mbili nzima ambazo mtoto hakuwa na mama yake.

Mtaalamu anapaswa kuyasoma matokeo haya kwa uangalifu uleule anaoutaka kwa dawa mpya. Kwa saa 72 za kwanza peke yake, vifo vilikuwa 4.6 na 5.8 kwa kila 100, na tofauti hiyo haikutosha kitakwimu kuondoa shaka. Watoto walioshindwa kupumua wenyewe ndani ya saa moja hawakuingizwa, wala wenye uzito chini ya kilo moja. Hospitali zote tano zilikuwa na oksijeni na vifaa vya kusaidia upumuaji. Kwa hiyo asitokee mtu wa kusema kwamba kifua cha mama kimefuta haja ya rufaa, oksijeni au dawa. Kilichothibitishwa ni kwamba huduma hizo zote zifanyike mtoto akiwa kifuani, badala ya kutanguliwa na utengano.

Funzo la India vijijini

Msomaji wa Mlele anaweza kuuliza: Delhi na Dar es Salaam ni miji mikubwa, yahusuje na wilaya ya wafugaji nyuki na wakulima? Tafiti mbili nyingine za India zinalijibu swali hilo vizuri kuliko ule wa hospitali.

Wa kwanza ulifanyika Gadchiroli, wilaya ya misitu mashariki mwa jimbo la Maharashtra, chini ya uongozi wa daktari Abhay Bang, na ulichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 1999. Wanawake wa vijijini walifundishwa kumpima mtoto mchanga uzito, kumtia joto, kusaidia unyonyeshaji na kutambua maambukizi ya damu, na hata kuyatibu kwa sindano pale familia ilipokubali. Katika mwaka wa tatu, vifo vya watoto wachanga katika vijiji 39 vilivyopata huduma hiyo vilikuwa pungufu kwa asilimia 62 vikilinganishwa na vijiji 47 ambavyo havikuipata. Vijiji hivyo havikuchaguliwa kwa kura, na wachambuzi wana haki ya kulitaja hilo. Hata hivyo, mwaka 2011 Serikali ya India iliingiza ziara za nyumbani kwa watoto wachanga katika kazi za wahudumu wake wa afya wa jamii nchini kote.

Wa pili ulifanyika Haryana na kuchapishwa mwaka 2019, pia katika The Lancet. Ulihusu watoto 8,402 wenye uzito wa gramu 1,500 hadi 2,250, na wale wa kundi moja walibebwa kifuani nyumbani kwao kwa msaada wa wahudumu waliowatembelea. Uwezekano wa kufariki ndani ya siku 28 ulipungua kwa asilimia 30. Hapo hapakuwa na wodi wala mashine. Palikuwa na mama, familia, na mtu aliyefika mlangoni kuwaonyesha namna.

Kilicho hatarini Mlele

Takwimu za Tanzania zinaonyesha kwa nini jambo hili halistahili kusubiri. Kwa mujibu wa Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa 2022, vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano vilishuka hadi 43 kwa kila vizazi hai 1,000, kutoka 67 katika utafiti wa 2015-16. Ni ushindi mkubwa. Lakini vifo vya watoto wachanga katika mwezi wa kwanza vilitoka 25 hadi 24 tu. Chanjo, vyandarua na dawa za malaria zimemwokoa mtoto mkubwa kidogo; mchanga amebaki karibu pale alipokuwa.

Mkoa wa Katavi una sababu ya ziada ya kujali. Utafiti wa 2015-16 uliuweka mbele ya mikoa yote kwa mimba za utotoni: wasichana 45 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa wajawazito. Mama mwenye umri huo ana uwezekano mkubwa zaidi wa kujifungua njiti. Yeye pia ndiye anayehitaji zaidi kuambiwa, bila kukemewa, kwamba mwili wake una uwezo wa kumwokoa mwanawe.

Pingamizi tatu

Pingamizi la kwanza hutoka wodini: akina mama wakiruhusiwa kuingia watashusha usafi na kuleta maambukizi. Hofu hiyo ina historia ndefu, lakini utafiti wa 2021 haukuithibitisha. Watoto walioshukiwa kuwa na maambukizi ya damu walikuwa 22.9 kati ya kila 100 waliokaa na mama zao, na 27.8 kati ya kila 100 waliotengwa. Mama anayenawa mikono ni mlinzi, na mhudumu mmoja anayetoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine ndiye anayepaswa kujichunga zaidi.

Pingamizi la pili ni la majengo. Vyumba vingi vya watoto wachanga vilijengwa kana kwamba mtoto huzaliwa bila mama: kuna nafasi ya kitanda kidogo na hakuna nafasi ya kitanda kikubwa. Hili ni kweli, nalo halimalizwi kwa hotuba. Lakini kitanda na kiti cha kuegemea hugharimu kidogo kuliko mashine, tena havizimiki umeme unapokatika. Halmashauri inayopanga bajeti ya mwaka ujao ingeanza hapo.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote, nalo halisemwi sana. Katika utafiti, mtoto alikaa kifuani kwa wastani wa saa 16.9 kwa siku. Nani atakuwa shambani kwa saa hizo? Nani atachota maji na kuwapikia watoto wengine waliobaki nyumbani? Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na malezi ya mtoto njiti hayawezi kuachiwa mtu mmoja. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza kwamba mama mwajiriwa aliyejifungua njiti aongezewe muda wa likizo, na sheria za kazi zikarekebishwa mwaka uliofuata. Mkulima wa Utende hana mwajiri wa kumpa likizo. Likizo yake ni mume anayekubali kubeba mtoto kifuani usiku, bibi anayepokea zamu, na jirani anayeleta chakula. Utafiti wenyewe uliruhusu msaidizi aliyechaguliwa na mama kumpokea mtoto, na kifua cha baba kina joto lilelile.

Yanayopasa kufanyika

Mhudumu wa zahanati hahitaji kungoja semina. Mtoto avalishwe nepi, kofia na soksi tu. Awekwe wima katikati ya maziwa ya mama, kichwa kikigeuzwa upande ili pua ibaki wazi, miguu ikikunjwa kama ya chura. Kisha afungwe kwa kitenge kinachobana bila kuzuia pumzi. Mama aegemee, asilale chali kabisa. Asiyeweza kunyonya apewe maziwa ya mama yaliyokamuliwa, kwa kikombe au kwa mrija kadiri mtaalamu atakavyoelekeza. Akipewa rufaa, asafiri akiwa kifuani. Anayepumua kwa shida, anayebadilika rangi, anayekataa maziwa au anayelegea anahitaji msaada wa haraka wa kitabibu, na kifua peke yake hakitoshi.

Vyuo vikuu vya tiba navyo vina deni. Mama anayeombwa ridhaa ya kushiriki utafiti Tanzania huelezwa kwa Kiswahili. Majibu yakipatikana, huchapishwa kwa Kiingereza katika majarida ambayo yeye hatayaona. Swali huulizwa kwa lugha yake, jibu hutolewa kwa lugha ya wengine. Kila utafiti unaofanyika nchini ungepaswa kuwa na ukurasa mmoja wa Kiswahili sanifu, uliopitiwa na wauguzi na wazazi, unaofikishwa kwa kila mganga mkuu wa wilaya siku ileile makala yanapotoka. Ukurasa huo useme kilichopatikana, kwa watoto gani, mahali gani, na wapi ushahidi unaishia.

Tena Inyonga isionwe kuwa mahali pa kupokea tu. Gadchiroli ilikuwa wilaya ya pembezoni, na maarifa yaliyotoka huko yakabadili kazi ya taifa zima. Mlele ina vijiji, ina wahudumu wa afya wa jamii, ina rejesta za uzazi. Zikijazwa kwa ukamilifu, uzito wa mtoto ukaandikwa, saa aliyowekwa kifuani ikaandikwa, na hali yake siku ya 28 ikaandikwa, wilaya itaweza kujiuliza maswali yake yenyewe na kujijibu.

Akina mama waliolala Safdarjung na Muhimbili na kuwaweka watoto wao kifuani walikubali kushiriki bila kujua ni kundi gani lingenusurika zaidi. Baadhi yao waliwazika watoto hao. Walichokiacha ni maarifa yasiyohitaji umeme, mafuta ya gari wala fedha za kigeni. Kila siku yanapochelewa kufika katika zahanati ya mwisho, mtoto mwingine njiti hulazwa peke yake kwenye kitanda baridi, na mama yake yupo hatua chache tu kutoka hapo.