Makorongo ya Dodoma Si Viwanja

Kila kiangazi mabomba yakikauka mitaani Dodoma tunaimbiwa wimbo uleule: mkoa ni kame, vumilieni, maji ya Ziwa Victoria yanakuja. Mimi wimbo huo siuitikii. Mvua ya hapa ni haba kweli, haifiki milimita 600 katika mwaka wa kawaida, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Lakini mji huu umekunywa maji yake wenyewe tangu enzi za mkoloni, kutoka visima virefu vya bonde la Makutupora, kaskazini mwa mji. Uhaba tunaomsingizia Mungu, sehemu yake tunautengeneza wenyewe.

Tazama bonde lile linavyofanya kazi. Chini yake kuna mwamba wa matale uliopasukapasuka, na maji hukaa katika nyufa hizo. Kina chake kimepimwa tangu miaka ya 1950, na mwaka 2013 watafiti walichapisha kumbukumbu za miaka 55. Zinaonyesha kwamba miaka mingi maji hushuka tu, polepole, mwaka baada ya mwaka. Huja kupanda kwa kishindo katika misimu michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998. Utafiti uliofuata ukaeleza yanakoingilia: katika vitanda vya mchanga vya makorongo na mito ya msimu. Mto ukitiririka siku nyingi, maji mengi huzama. Wagogo, wenyeji wa hapa, waliochimba visima kwenye mchanga wa mito mikavu walilijua jambo hili bila chombo chochote cha kupimia.

Kwa hiyo korongo ndilo mlango wa ghala letu la maji, na mvua ile tunayoiita maafa ndiyo inayolijaza. Sisi tunafanya nini? Mlango tunaupima viwanja. Tunaufukia kwa kifusi na kuumwagia zege, mchanga wake tunausomba kwa malori ukawe matofali. Vilimani juu miti inageuzwa mkaa. Mvua kubwa inapokuja haina pa kuzama. Inaingia vyumbani mwa watu, inawatoa na magodoro yao, kisha inakwenda zake. Baada ya miezi michache watu walewale wamepanga foleni na madumu.

Hatuna haki ya kusema hatukuonywa. Mwaka 1947 Waingereza walikuja Kongwa, mkoani humu, na matrekta kulima karanga. Ramani ilikuwa safi, fedha zilikuwepo, na mwenyeji hakusikilizwa. Mvua ikakataa, udongo ukakauka ukawa mgumu kama saruji, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa baada ya kuteketeza zaidi ya pauni milioni 35. Likaja bwawa la Ikowa, nalo la mkoani humu, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipolipima wakakuta udongo wa mashamba na malisho ya juu unalijaza kwa kasi.

Wala madhara hayaishii Dodoma. Mto Kinyasungwe unakusanya maji ya uwanda huu na kuyashusha hadi mto Mkondoa na mji wa Kilosa. Ndiyo njia iliyofuatwa na reli ya Mjerumani, reli iliyoifanya Dodoma kuwa mji. Mafuriko ya mwisho wa 2009 na Januari 2010 yaliivunja reli hiyo kati ya Kilosa na Gulwe na kuwaacha maelfu ya watu wa Kilosa bila makazi. Udongo na maji tunayoshindwa kuyashika huku juu ndiyo yanayokata njia kule bondeni.

Na tukitaka kuilinda ardhi, tunaweza. Chama cha TANU kiliamua mwaka 1973 makao makuu ya nchi yahamie hapa, na mwaka huohuo ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO. Mwaka 1979 ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda waliondolewa katika eneo lililomomonyoka la Kondoa, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Wafugaji ndio waliobeba machungu ya amri hiyo. Nyasi zikarudi, miti ikarudi, makovu ya ardhi yakaanza kufunikwa. Basi nauliza kwa uchungu: serikali iliyoweza kumwambia mfugaji maskini wa Kondoa aondoe mifugo yake yote, inashindwaje kumwambia mwenye fedha asijenge ukuta wake katikati ya korongo?

Wakati ndio huu. Tangu Hayati Magufuli alipotangaza Julai 2016 kwamba serikali inahamia Dodoma, mji haujalala. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 jijini. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Bwawa la Farkwa lijengwe, na bomba la Ziwa Victoria lije. Siyapingi. Lakini maji yatakayosukumwa kwa umeme mamia ya kilomita yatakuwa ghali, na aliye mjinga zaidi ni yule anayeziba kisima cha uani kwa sababu ameahidiwa mtungi kutoka mbali.

Jiji lichore mipaka ya makorongo yote na ya bonde la Makutupora, liitangaze hadharani, na asiguse mtu humo, awe waziri au mwenye duka. Hati zilizotolewa humo zifutwe, na wananchi waliouziwa kwa nia njema wafidiwe. Mchanga wa ujenzi utafutwe nje ya njia za maji. Kila jengo la serikali pale Mtumba livune mvua ya paa lake. Nawe unayesoma, ukipelekwa kuonyeshwa kiwanja cha bei poa, uliza maji ya masika hupita wapi. Wakikujibu kwa kusitasita, usinunue.