MAONI: Bob 40 ya Kibaki haitakupa milioni, lakini tafadhali usiitupe

Kila baada ya wiki chache kuna mse hunitumia picha ya sarafu kwa WhatsApp. Mara nyingi huwa ni ile ya shilingi 40 yenye sura ya Rais Mwai Kibaki. Imepigwa ikiwa juu ya kitanda au kiganjani, na chini ya picha swali ni lilelile: "Buda, hii inaeza nipea ngapi?"

Jibu langu pia ni lilelile. Itakupa bob arobaini. Ilitolewa mwaka wa 2003 Kenya ilipotimiza miaka 40 ya uhuru, na ilitolewa itumike madukani kama sarafu nyingine yoyote. Mpaka leo ni pesa halali. Ukitaka chapati mbili, mpe mama chapati.

Hapo wengi hunyamaza. Wengine hunitumia kiungo cha ukurasa fulani wa Facebook wenye picha ya mzungu ameshika bunda la noti, wakaniambia sijui kitu. Siwalaumu. Mimi mwenyewe nimewahi kuwa mjinga kuliko wao, na nitafika huko.

Nilizaliwa Busia, nikalelewa mtaa wa Marachi, dakika chache kutoka mpakani. Watu wa Nairobi hudhani mpaka ni ukuta. Kwetu mpaka ni barabara ya kwenda sokoni. Asubuhi unanunua mkate Kenya, mchana unakula matoke Uganda, jioni unarudi kulala. Hata neno boda boda lilianzia kwetu, kwa wale jamaa wa baiskeli waliokuwa wakibeba watu na mizigo kutoka geti moja hadi lingine wakiita "boda, boda!" Hilo ni letu, Kisumu wasidai.

Sasa, kitu kimoja ambacho mtoto wa mpakani hujua mapema ni kwamba noti huvuka lakini sarafu hazivuki. Wale wabadilishaji pesa wenye mabunda mkononi watakuchukulia noti ya nchi yoyote, lakini ukiwapelekea sarafu za Uganda watakuangalia kama umewatukana. Ni nzito, hesabu yake ni ndefu, na faida hakuna. Mia tano ya Uganda haifiki hata mbao yetu.

Kwa hiyo mama akirudi kutoka Sofia, upande wa pili, chenji ya sarafu ilikuwa inaishia kwetu watoto. Wenzangu walizikusanya mpaka zitoshe kurudi nazo ng'ambo kununua sumbusa. Mimi nilishindwa kuzitumia kwa sababu ya wanyama. Sarafu ya hamsini ilikuwa na swala. Ya mia ilikuwa na ng'ombe wa Ankole mwenye mapembe marefu kama mikono ya kipa. Ya mia mbili samaki, ya mia tano korongo mwenye taji. Zetu wakati huo zilikuwa na wazee tu. Mzee Kenyatta, Moi, Kibaki, halafu Kenyatta tena kuanzia 2005. Niliona Waganda wametuzidi kabisa.

(Baadaye nasi tulipata wanyama. Katiba ya 2010, kifungu cha 231, ilikataza sura ya mtu yeyote kwenye pesa, na mnamo Desemba 11, 2018 zikazinduliwa sarafu mpya: twiga kwa bob moja, kifaru kwa kobole, simba kwa ashara, ndovu kwa mbao. Zilichukua miaka minane kuja. Nilikuwa nimeshakuwa mtu mzima.)

Nilizitia kwenye mkebe wa Blue Band. Mwaka wa 2012 Uganda ilipotimiza miaka 50 ya uhuru wakatoa sarafu ya shilingi elfu moja. Mama aliponipa moja nilikimbia mtaa mzima nikipiga kelele kwamba niko na thao ya chuma. Ilikuwa kama bob thelathini na kitu, lakini nani alikuwa anahesabu.

Halafu kulikuwa na Malaba. Mjomba wangu alikuwa taniboi wa lori, na likizo nilikuwa nikimfuata kule foleni ya malori inapokaa siku na siku. Ukitaka kujua jiografia ya Afrika Mashariki, wacha atlasi, nenda foleni ya Malaba. Dereva wa Rwanda alinipa faranga. Dereva wa Tanzania alinipa senti hamsini ya zamani yenye sungura, akaniambia kwao watoto wa siku hizi hata hawajui iliwahi kuwepo. Dereva aliyetoka Kongo nilimsumbua mpaka akacheka, akanionyesha pochi yake yote: noti tupu. Kongo sarafu ni kama hazipo, kila kitu ni noti, hata ya kununua pipi. Nilisikitika kama mtu aliyekosa kibandiko kimoja kwenye albamu ya Kombe la Dunia.

Lakini sarafu iliyonifunga kwenye hii kitu maisha yangu yote haikutoka Malaba wala Sofia. Ilitoka chini ya kitanda cha Kukhu.

Kukhu, nyanya yangu mzaa baba, alikuwa na senti za tundu katikati. Zilikuwa zimetungwa kwenye kamba ya katani kama samaki wa Port Victoria. Mimi, kwa akili ya darasa la sita, nikaona ni chafu. Nikazichukua kisirisiri, nikazisugua kwa majivu na ndimu mpaka zikang'aa kama mpya. Nilidhani atafurahi. Aliziangalia muda mrefu, akaniuliza, "Nani alikuambia zimechafuka?"

Sikuelewa siku hiyo. Baadaye nilijifunza kwamba hilo ndilo kosa la kwanza la kila mkusanyaji. Ile rangi ya kahawia ni umri wa sarafu. Ukiisugua, umefuta miaka yake, na hakuna anayeweza kuirudisha. Sijawahi kusugua nyingine tena.

Nikiwa kidato cha pili, nilienda na moja ya hizo senti kumi hadi kwa saiba kusoma maandishi yake vizuri. Mwaka ni 1936. Jina limeandikwa kwa Kilatini, EDWARDVS VIII. Nikalipia nusu saa kutafuta huyu Edward ni nani. Maze, nilibaki mdomo wazi. Huyo ni mfalme wa Uingereza aliyekaa kitini chini ya mwaka mmoja, hakuwahi kuvikwa taji, akaachia ufalme Desemba 1936 ili amwoe mwanamke Mmarekani aitwaye Wallis Simpson aliyekuwa ameshaachana na waume wawili. Sheria ya kumwondoa ilianza kufanya kazi Desemba 11, tarehe ileile tuliyokuja kuzindulia wanyama wetu. Imetokea tu, lakini mimi hupenda vitu kama hivyo.

Sasa sikia utamu wake. Uingereza kwenyewe hawakuwahi kutumia sarafu zenye sura yake, kwa sababu aliondoka kabla hazijatolewa. Lakini huku kwetu senti tano na senti kumi zilikuwa na tundu, kwa hiyo hazikuwa na nafasi ya kichwa cha mfalme, ni jina tu na pembe za ndovu upande wa pili. Jina ni rahisi kubadilisha. Zikatengenezwa, zikaletwa, zikaingia sokoni Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar chini ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Mfalme aliyekosa sarafu kwao akazipata Busia. Mkulima wa pamba alikuwa nazo mfukoni, London hawana.

Hebu niambie, ni mwalimu gani wa historia aliwahi kuniamsha hivyo?

Na bei yake? Karibu bure. Zilitengenezwa nyingi mno, kwa hiyo wakusanyaji huzinunua kwa pesa kidogo tu. Hapa ndipo ninapogombana na wasee wa kunitumia picha. Bei ya sarafu hufuata idadi iliyopo, hali yake, na watu wangapi wanaitaka. Haifuati uzee peke yake, na haifuati kisa chake hata kidogo. Sarafu yenye kisa kikubwa kuliko zote nilizo nazo haiwezi kunilipia hata nauli ya Kisumu.

Mimi nililijua hili kwa njia mbaya. Mwaka wangu wa pili chuoni karo ilinishinda. Baba alikuwa amefungiwa biashara, na ofisi ya fedha haikubali hadithi. Nikakumbuka mkebe. Nikapata jamaa mtandaoni aliyedai ananunua sarafu za Afrika kwa niaba ya matajiri wa Ulaya. Nikamtumia picha. Akaniambia bob 40 moja ni laki tatu, na senti za Kukhu ni laki moja kila moja. Nililia, kusema kweli. Nikamwambia mama aache kukopa. Halafu jamaa akataka ada ya usajili, 2,500 kwa M-Pesa, kisha 1,800 ya "bima ya usafirishaji". Nilituma zote mbili. Ile ya pili niliazima kwa mwenzangu wa chumba. Nambari ikazimwa, na muhula uliofuata sikurudi chuo. Naandika blogu na kufanya kazi za mkono hapa na pale, na deni la yule mwenzangu nililimaliza baada ya mwaka mzima.

Kwa hiyo ukiniambia niwe mpole kwa watu wa "tunanunua sarafu za kale kwa mamilioni", siwezi. Mnunuzi wa kweli hakuombi pesa. Anakulipa wewe. Ukitakiwa kutuma hata ndurur– sawa, hebu nisimame hapo kwa hiyo ndururu.

Tunasema "sina ndururu" kila siku, na wengi wetu hatujui ndururu ilikuwa senti tano halisi. Mama yangu anaita senti hamsini sumuni. Waganda wanaita pesa ensimbi, na ensimbi ni kauri, yale makombe ya baharini yaliyotumika kama pesa kabla ya mzungu. Wabukusu wanasema chisendi, ambayo ni senti. Hata pesa yenyewe imetoka kwa paisa ya Wahindi. Sarafu zimepotea mifukoni lakini zimejificha mdomoni. Tangu M-Pesa ianze mwaka wa 2007 sarafu zimekuwa usumbufu, na supamaketi ikikosa chenji inakupa peremende. Sisemi turudi nyuma, mimi pia nalipa kwa simu. Ninachosema ni kwamba pesa ya simu haiachi kitu chini ya kitanda cha mtu.

Nilikuja kumuuliza Kukhu kwa nini alizihifadhi hizo senti wakati hazinunui kitu. Hakunijibu moja kwa moja. Alinisimulia juu ya kaka yake aliyekuwa ameoa upande wa Uganda na kuweka akiba yake kwa noti ndani ya sanduku. Mei 1987 serikali ya Museveni ikabadilisha pesa. Shilingi mia za zamani zikawa shilingi moja mpya, na juu ya hapo ikakatwa asilimia 30. Kaka yake alikuwa na sanduku la kununua ng'ombe, akatoka na pesa ya kununua kuku. "Chuma hakijawahi kunidanganya hivyo," Kukhu akasema. Mwanauchumi atampinga, na atakuwa sahihi, kwa sababu senti zake nazo zilikufa sokoni miaka mingi kabla ya hapo. Lakini mimi ndiye niliyetuma ada ya usajili, kwa hiyo sikumpinga.

Kuna watu huniambia kukusanya sarafu ni mambo ya wazungu waliostaafu. Wengine, hasa mabeste zangu, husema ningetumia huo muda kutafuta kazi. Hao wa pili wana hoja, sitakataa. Lakini sijawahi kununua sarafu hata moja ghali. Mkebe wangu wote umetoka kwa chenji, kwa madereva na kwa wazee. Kinachonigharimu ni kuuliza maswali, na wazee wa kuulizwa wanapungua kila Desemba. Mwaka jana jirani yetu alizikwa, na wiki iliyofuata wajukuu wakampelekea mtu wa vyuma chakavu gunia la vitu vyake. Ndani mlikuwa na shilingi za simba za miaka ya ishirini, zile zenye fedha halisi kidogo ndani yake, robo. Zilipimwa kwa kilo pamoja na sufuria na jembe. Nilifika nikiwa nimechelewa. Nilimwomba mwenye mizani anipe hata moja tu niangalie mwaka wake, akaniambia nisimharibie siku.

Kwa hiyo nimeanza kuandika vikaratasi. Kila sarafu ina bahasha yake ndogo, na juu yake naandika ni ya nchi gani, mwaka gani, ilitoka kwa nani, wapi. Ile ya sungura imeandikwa "dereva wa Tanzania, foleni ya Malaba, 2011". Ile ya elfu moja imeandikwa "chenji ya mama, Sofia".

Jumamosi iliyopita nilimpelekea Kukhu bahasha ya senti kumi ya 1936 aione. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, kwa hiyo nilimsomea nilichoandika: "Kutoka kwa Kukhu."

"Hapana," akasema. "Hiyo ilikuwa ya mama yangu. Mimi niliwekewa tu."

Nikakata, nikaandika upya.